Mbung'o Watatu wa Chemchemi

Jumatatu, 8 Februari 1965

Watu ishirini na mmoja kazini. Wawili wana homa. Mmoja hakuja wala hakutuma neno. Tumefika kwenye kijito kikavu, tukasimama hapo.

Kazi ni ile ile. Fyeka vichaka, angusha miti, kusanya, choma. Amri inasema ukanda wote wa bondeni usibaki na kivuli cha kumficha mbung'o, maana mbung'o hapendi jua. Juani tunakaa sisi.

Tupa mbili za kunolea mapanga zimeisha meno. Nimeomba nyingine tangu Krismasi.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika jeshini. Kikuria changu ni cha mdomo tu. Wajaluo ninaowasimamia hawana haja na daftari la nyapara, na mke wangu Gati, kule Kegonga, hasomi. Kwa hiyo hapa naweza kusema. Nimechoka. Mwaka wa kumi na mbili huu naua miti ya bonde la Lambwe, na mbung'o bado wapo.

Alhamisi, 11 Februari

Tumechoma marundo tisa. Moshi mpaka machoni. Miti mingine ilikuwa mikubwa, mtu akiikumbatia mikono haikutani. Majivu mpaka magotini.

Wanawake walisimama mbali wakitazama. Mmoja akaja, anajulikana kwa jina la Min Achieng, yaani mama yake Achieng. Mjane. Aliniamkia vizuri, akauliza kwa nini serikali inachoma kuni wakati yeye anatembea nusu siku kutafuta kuni. Nikamwambia ni amri. Akasema amri haipiki uji.

Jioni nimewaambia watu wangu wasichome marundo ya upande wa barabara. Nitaandika kwamba yamechomwa. Yatachomwa, ila na wengine.

Jumamosi, 27 Februari

Sasa kuna matanuri ya makaa kila upande. Yanafuka kama nyumba zilizozikwa. Min Achieng ndiye aliyewafundisha wenzake kufunika kuni kwa nyasi na udongo, zisiwake moto, ziive tu. Lori la Mzee Abdalla linakuja mara mbili kwa wiki. Huyu ni mtu wa Pwani, ana duka Homa Bay karibu na gati la meli, na msikiti mdogo nyuma ya duka. Anasema mji mzima unapikia makaa siku hizi. Mafuta ya taa yamepanda, na stovu za pampu zinaharibika.

Nimefurahi. Niseme ukweli, nimefurahi kuliko miaka yote hapa. Kwanza miti haifi bure. Pili watu wanakula. Achieng, msichana wa miaka tisa hivi, amevaa gauni jipya la kijani na haachi kulitazama.

Min Achieng hakuzaliwa huku bondeni. Boma lake lilikuwa ufukweni. Mwaka ule wa mafuriko, kabla ya Uhuru, ziwa lilipanda likaingia mlangoni, halafu likapita juu ya paa. Kaburi la mumewe liko chini ya maji mpaka leo. Akapanda huku kwa sababu huku hakuna aliyekuwa anapataka. Watu walikuwa wanapaogopa kwa ajili ya malale, ugonjwa anaouleta mbung'o.

Jumatano, 17 Machi

Chwiri, mvua ya kupandia, haijaja. Wenyeji wamechambua mbegu, wamekaa nazo. Mawingu yanatokea ziwani asubuhi, saa nane hayapo. Ajabu ni kwamba ziwa bado limejaa, bado linakula ufuko, na huku juu ardhi inapasuka. Maji yapo mahali ambapo hayahitajiki.

Marundo yamekwisha. Nilijua yatakwisha. Leo nimesikia mashoka kwenye mteremko wa kilima, nje kabisa ya mpaka wetu. Nimepanda. Wanaume sita, wanawake kama kumi. Miti mibichi imelala chini, na visiki vinatoa maji.

Nimewaambia huku si kwetu kukata. Mzee mmoja akacheka. Akaniuliza, "Nyapara, wewe unakata tangu jua likitoka mpaka linaingia. Sisi tukikata, ndiyo inakuwa dhambi?"

Nikashuka. Mimi ndiye niliyewaonyesha kwamba mti ni gunia la makaa.

Jumapili, 28 Machi

Sikwenda kanisani. Nimepanda mpaka Soko. Hivyo ndivyo Wajaluo wanavyoita chemchemi. Nilipofika huku mara ya kwanza nikisikia wanawake wanakwenda soko kila asubuhi, nilidhani wanakwenda kununua.

Ni msitu mdogo tu kwenye mkunjo wa kilima. Mikuyu saba mikubwa, na chini yake vichaka vilivyosokotana. Maji yanatoka kati ya mizizi, baridi, hayana ladha ya kitu chochote. Visima vingine vyote vya juu vimekauka. Kimebaki kile cha chini karibu na ziwa, na kile ni mwendo wa saa mbili na maji yake yana magadi.

Nilikaa kimya. Wakatoka omoro, wale swala wakubwa wenye pembe za kupinda nyuma, ambao kwa Kiswahili tunawaita korongo. Wanne, na mtoto mmoja mwekundu. Zamani nilikuwa nawaona makundi makundi bondeni. Sisi ndio tuliowafukuza, kichaka baada ya kichaka. Hapa ndipo walipobaki. Yule mtoto alikunywa amepiga magoti.

Nimeumwa na kitu shingoni. Nilijua ni nini kabla ya kukipiga. Sikutazama.

Jumanne, 6 Aprili

Bwana Kioko amekuja na Landirova kutoka Homa Bay. Ndiye afisa wetu tangu Wazungu waondoke, mtu wa Machakos, kijana lakini anatembea kama mzee. Hali chakula vizuri. Ana mabonde matatu ya kuangalia na gari moja.

Amesema wakubwa wanauliza habari za ule msitu wa Soko. Tupime. Tukipata mbung'o, tukate wote. Tusipopata, tuuache, tuhamie Mto Kuja upande wa Migori. Neno langu ndilo atakaloandika. Hana mtu mwingine wa kutuma.

Habari imefika vijijini kabla ya vumbi la gari kutulia. Min Achieng amekuja kambini na wanawake wanne.

"Wuon Robi," akaniita, yaani baba Robi, kwa jina la binti yangu wa kwanza. "Utuonee huruma. Mvua hakuna. Shamba hakuna. Ile miti ya Soko ikikatwa kwa amri ya serikali, makaa yake ni halali. Tutafika mpaka mavuno."

"Na maji?"

"Maji yanatoka ardhini. Hayatoki kwenye miti."

Sikubishana. Sijui kama ni kweli au si kweli. Ninachojua ni kwamba nimekata kando ya chemchemi nne katika bonde hili, na leo sina hata moja ya kumwonyesha.

Ijumaa, 9 Aprili

Tumepima. Mimi na Odero, mshikaji wetu wa mbung'o, mtu mzima, mnyamavu, jicho lake halikosei. Tulimpeleka ng'ombe mmoja tumemfunika nguo nyeusi, tukamfunga kwenye kivuli, tukakaa na nyavu za mkono tangu saa tatu mpaka saa tisa.

Mbung'o watatu. Majike wawili, dume mmoja. Mabawa yamelaliana kama mkasi uliofungwa. Hakuna kukosea.

Nimewaponda kwa kidole gumba. Nimeandika: Hakuna.

Odero alikuwa anatazama. Nikamwambia watatu ni wachache, huenda wamefuata ng'ombe kutoka chini. Akakunja wavu wake. Akasema, "Wewe ndiye nyapara." Akamfungua ng'ombe, akashuka naye bila kunisubiri.

Jumamosi, 10 Aprili

Ripoti imekwenda na mtu wa baiskeli.

Sijutii. Miaka kumi na mbili nimesema ndiyo.

Jumatatu, 26 Aprili

Mvua mara moja, Jumatano, kama mtu ametikisa nguo mbichi. Waliopanda wamepoteza mbegu.

Bwana Kioko amejibu: Soko ibaki. Tukimaliza ukanda huu tutahama. Watu wamejua, na wamejua ni neno langu. Sasa nikipita njiani mazungumzo yanakoma. Muuza samaki amesema samaki wameisha, na kapu lake limejaa. Min Achieng hanisalimii. Amemrudishia mpishi wetu sufuria aliyokuwa ameazima, ameisugua mpaka inang'aa. Hiyo imeniuma kuliko matusi.

Nimepokea barua kutoka kwa binamu yangu, aliyekuwa mgodini kule Migori. Anasema kule maji ya Mto Kuja yanaanguka, yanazungusha chuma, chuma kinawasha taa, na hakuna mti unaoungua. Ameona kwa macho yake. Anauliza huku tunapikia nini. Sijamjibu. Nguzo za nyaya hazitafika bonde hili nikiwa hai.

Kila mtu anachota Soko sasa. Tangu alfajiri foleni. Watoto ndio wanaotumwa. Wanaacha madebe yao kwenye mstari, wanacheza vichakani wakisubiri zamu.

Nimewaona wakicheza. Naandika hapa kwamba nimewaona.

Jumanne, 4 Mei

Nimemwambia mwalimu wa kanisa awaonye watoto wasicheze vichakani pale Soko. Akauliza kwa nini. Nikasema nyoka.

Alhamisi, 20 Mei

Achieng anaumwa.

Nimesikia kwa mpishi. Wiki mbili homa inakuja na kuondoka. Wamempa kwinini. Wamempa mizizi. Hali chakula. Mchana analala akiwa amekaa, ukimwamsha anakasirika kama mtu mzima.

Nimekwenda. Min Achieng alisimama mlangoni, hakunikaribisha, ila hakunizuia. Nikamgusa mtoto nyuma ya shingo. Tezi zimevimba kama punje za mahindi. Nimeona hizi tezi mara nyingi.

Nikamwambia mama yake: hospitali, kesho, si keshokutwa. Akaniuliza ni nini. Nikasema huenda malale. Akasema, "Lakini mlipima."

Ijumaa, 21 Mei

Landirova iko Kisumu inatengenezwa. Lori la Mzee Abdalla lilikuwa linapakia makaa barabarani. Nimemwomba. Hakuuliza habari nyingi. Aliteremsha magunia yaliyokuwa mbele, akatandika shuka yake, akampakia mtoto yeye mwenyewe. Njia nzima alikuwa anasoma dua polepole. Min Achieng alikuwa anaimba wimbo wa kanisani, polepole vilevile. Mimi nilikaa nyuma juu ya makaa. Nimefika Homa Bay mweusi kama sufuria.

Wamempima damu. Wamempima maji ya mgongo, watu wawili wakimshika. Nilisikia kilio chake nikiwa nje.

Ni malale.

Daktari amesema amewahi, ila si mapema sana. Sindano zitakuwa nyingi na zinachoma. Wengine wanapona.

Amesema wengine.

Jumapili, 23 Mei

Nimemwambia.

Tulikuwa tumekaa kwenye nyasi nje ya wodi. Alikuwa anamenya chungwa ambalo mtoto alilikataa. Nilikuwa nimepanga maneno tangu juzi, yakapotea yote. Nikasema tu kwamba mwezi wa nne nilikamata mbung'o watatu pale Soko, nikaandika hakuna.

Hakupiga kelele. Ningeshukuru kama angepiga.

"Kwa nini?"

"Sikutaka pakatwe."

"Miti?"

"Miti. Maji. Wale omoro. Nimechoka kukata, Min Achieng."

Alimaliza kumenya. Alilishika lile chungwa, hakulila.

"Mimi nilitaka pakatwe, nipate makaa," akasema. "Wewe ulitaka pabaki. Hayo si kitu, kila mtu ana lake. Lakini ungeniambia wapo. Ningemtuma mtoto kisima cha chini."

"Kule ni mbali."

"Ni mbali. Ningemtuma."

Akainuka, akaingia ndani. Nimerudi Lambwe kwa miguu mpaka njia panda, halafu baiskeli ya kuazima. Nimekuwa nikijiambia kwamba kosa langu lilikuwa kuipenda miti. Sivyo. Nilijua jambo la hatari, nikalifanya siri yangu, na watoto wa watu wakachota maji ndani yake.

Jumatatu, 24 Mei

Nimezunguka boma kwa boma. Nimesema mwenyewe, kwa mdomo wangu: Soko ina mbung'o, nilijua, nilinyamaza. Watoto wasiende. Mwenye homa aende hospitali.

Boma la pili wameniachia mbwa. Boma la tano mzee alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema asante, akaniomba nisirudi tena kwake.

Odero alikuwa nyuma yangu siku nzima. Sikumwita. Kila nilipomaliza kusema, yeye alisema kwa Kijaluo, "Na mimi nilikuwepo."

Jumanne, 25 Mei

Nimekwenda kwa Bwana Kioko ofisini. Nilisimama. Alinisikiliza amefunga macho, nikadhani amelala.

"Nikiandika hivi, Marwa, huna kazi," akasema. "Na mimi sina nyapara."

Nikasema aandike.

Akachukua karatasi, akaandika kwamba kipimo kimerudiwa na mbung'o wamepatikana. Tukate wiki ijayo. Nikaona ni uongo wa pili unaofunika wa kwanza. Nilikubali. Sina la kujitetea hapo. Nina watoto watano Kegonga na mtama wao umekauka.

Ila nilimwomba jambo moja. Tukate vichaka na matawi ya chini tu, jua lifike ardhini, mikuyu ibaki imesimama. Mbung'o anakaa kwenye kivuli cha chini, mkuyu mrefu haumfichi. Akafungua kitabu cha maagizo, akasoma, akarudia kusoma.

"Kitabu kinasema vichaka kando ya maji," akasema. "Mikuyu hakitaji." Akakifunga. "Mimi nyumbani tulikata yote. Nenda."

Alhamisi, 3 Juni

Tumeanza Soko.

Nilipanga watu kwa mstari kutoka chini kwenda juu. Saa nne hivi, katikati ya kelele za mapanga, omoro wakatoka. Mchana kweupe. Walikuwa watatu, na yule mtoto, amekua kidogo. Mmoja hayupo, sijui ameliwa na nani. Hawakukimbia. Walipita katikati ya watu wangu, karibu kiasi cha kusikia pumzi zao. Mtu angeweza kumpiga mmoja kwa panga, na nyama watu wanaitamani. Hakuna aliyenyanyua mkono. Mapanga yote yalisimama.

Wakafuata mteremko kuelekea upande wa Gwasi. Tuliwatazama mpaka wakawa vumbi.

Mtu mmoja akatema mate, akasema turudi kazini.

Jumatatu, 7 Juni

Vichaka vimekwisha. Jua limefika ardhini mara ya kwanza, pengine tangu dunia iumbwe. Udongo ni mweusi na unanuka kama ghala lililofungwa siku nyingi. Odero amepima siku mbili na ng'ombe wake. Hakuna. Safari hii nilitazama wavu wake mimi mwenyewe, na nikamwita mwalimu wa kanisa atazame, na Min Apiyo, jirani yake Min Achieng, atazame.

Mtoto mwingine mmoja amepatikana na tezi. Mvulana wa boma la pili, lile la mbwa. Amepelekwa mapema. Bado anatembea kwa miguu yake.

Baba yake amekuja kambini. Nilidhani amekuja kunipiga, nikasimama tayari. Alikuwa amekuja kuazima shoka la kuchongea mpini. Nimempa.

Alhamisi, 17 Juni

Maji ya Soko yamepungua. Si sana. Debe lililokuwa linajaa ukihesabu mia, sasa unahesabu mia mbili. Labda ni ukame. Labda ni sisi. Nimeuliza wazee watatu, nimepata majibu manne.

Mzee Abdalla amekuja kuuliza habari za mikuyu. Alikuwa na haya. Anasema mji unalia makaa, meli imeleta watu wengi, na mpishi wa hoteli amemtisha atanunua Kisii. Nikasema hapana. Akasema ataleta stovu za mafuta dukani, watu wakizoea, huenda. Anasema hivyo kama mtu anayesema ataacha tumbaku.

Nimemuuliza habari za Achieng. Humpitia hospitali kila Ijumaa akitoka msikitini. Anasema anaanza kuulizia chakula.

Jumatatu, 5 Julai

Nilikuwa upande wa Migori siku nne kutazama kambi mpya. Nimerudi leo. Mikuyu miwili ya Soko haipo.

Imekatwa vizuri, kwa msumeno, karibu na ardhi. Majani yamefagiliwa. Sikuuliza ni nani. Ningeuliza, wangeniambia, halafu? Nikashuka nikala ugali na omena, nikavua viatu.

Imebaki mitano.

Jumanne, 6 Julai

Min Apiyo na wanawake wawili wamekwenda kwa chifu. Wanataka atangaze barazani kwamba anayekata Soko atachimbia kijiji kisima kwa mikono yake. Chifu amesema atafikiri. Wao wamesema watakaa hapo hapo anapofikiria. Nimesikia wamepeleka na sufuria.

Mimi hawakuniuliza. Ni sawa.

Jumapili, 11 Julai

Chifu ametangaza. Watu wamepiga makofi, hata wale ninaowashuku.

Mvua kidogo jioni. Imetelemka kilimani nyekundu, ikipita mahali ambapo zamani kulikuwa na miti, imechukua udongo mpaka barabarani. Kesho watu wangu watakuwa wanazoa barabara.

Jumapili, 18 Julai

Tunahama kesho. Mahema yamekunjwa, mapanga yamefungwa kwa kamba. Mchana mtulivu. Watu wangu wengi wamekwenda Kosele gulioni.

Achieng ametoka hospitali Alhamisi. Leo amekuja na mama yake. Amekonda, kichwa kimenyolewa, na anatembea akitazama miguu kama anaihesabu. Anasahau maneno. Alisema jina langu, akasimama, akalitafuta tena, akalipata. Daktari amesema mengine yatarudi, mengine hajui.

Min Achieng alikuwa na mtungi. Amesema sasa anachota kisima cha chini. Soko imeshapimwa, anajua, na wenzake wamerudi kule. Yeye hawezi bado. Saa mbili kwenda, saa mbili kurudi na mzigo kichwani. Makaa ameacha kwa sasa, anauza mandazi njia panda, na ya kukaangia mandazi ni kuni za kuokota.

Nilimpa kiti. Alikaa. Hatukuzungumza habari za hospitali. Tulizungumza habari za mtama. Aliniuliza kama Kegonga imenyesha. Nikasema Gati ameniandikia kwa mkono wa mwalimu, imenyesha kidogo.

Wakati wa kuondoka akamimina maji kwenye kikombe, akampa mtoto, mtoto akanipa kwa mikono miwili. Maji yalikuwa vuguvugu kwa safari, na magadi yake yanakwaruza koo.

Nikanywa yote. Achieng alikuwa anasubiri kikombe.